Kishikio cha Fimbo ya Baba

Ninyi mnaojiandaa kwenda Ghuba kuendesha magari ya watu, mtaulizwa kama mnajua kuendesha. Mtapimwa macho, damu na mapafu. Hakuna atakayewauliza kama mnajua kusimama karibu na mtu bila kumgusa. Mimi pia sikuulizwa, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kazi yangu kule Umm Salal, kaskazini mwa Doha. Kuendesha gari kulikuwa sehemu ndogo tu.

Nilifika na digrii ya hesabu na hofu ya kuwatosha watu watatu. Nikitumwa mkate, nilikuwa naufikiria mkate wenyewe njia nzima. Kama ule wa kawaida umeisha, ninunue upi? Nikinunua mwingine, si itaonekana najifanya najua mambo ya nyumba? Nisiponunua, si itaonekana sijali? Siku moja nilikaa ndani ya gari nje ya duka nikilipima jambo hilo hadi duka likafungwa kwa ajili ya swala. Nilirudi mikono mitupu. Mzee Juma alicheka hadi akashika ukuta.

Mzee Juma ndiye niliyekuja kuchukua nafasi yake. Alikuwa mtu wa Likoni, dereva wa nyumba ile tangu watoto wa pale walipokuwa wakipelekwa shule ya chekechea, na sasa alikuwa anarudi kwao kupumzika. Kabla hajaondoka alinifundisha kazi. Wakati ule, katika miaka ya elfu mbili, hatukuwa na simu za kutuelekeza njia. Alinifundisha mji kwa mizunguko ya barabara, kila mzunguko na jina alilolibuni yeye: huu wa sufuria, huu wa mke mwenza kwa sababu ukiingia hutoki salama. Niliikariri yote. Baadaye mizunguko ikaanza kuvunjwa mmoja baada ya mwingine, zikawekwa taa na madaraja, na nikimpigia simu Likoni kumuuliza njia alikuwa bado ananielekeza kwenye mji ambao haupo.

"Profesa, wafikiri sana," alikuwa akiniambia. "Gari halitaki mawazo. Lataka macho."

Lakini somo lake kubwa halikuhusu gari. Lilihusu mzee mwenye nyumba. Sisi wafanyakazi wote tulimwita Baba, kama ilivyo desturi ya kule. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyependa kitu kimoja kuliko vyote: kuvua samaki kwa fimbo. Hakuvua kwa ajili ya kitoweo, maana sokoni angeweza kununua samaki wa kulisha mtaa. Kila Ijumaa ya miezi ya baridi alitoka na boti yake ndogo ya injini, akasimama upande wa mbele, akatupa chambo cha chuma mbali kadiri mkono ulivyoweza, akakivuta kwa kuzungusha rili, kile kigurudumu cha mshipi, akatupa tena. Alimtaka nguru, samaki yule mrefu wa kasi anayekata maji kama kisu. Unaweza kutupa chambo asubuhi nzima nguru asikujali, kisha akakurukia dakika uliyopiga miayo.

Kwenye boti ile kulikuwa na sheria moja. Samaki akishanasa, atakayeigusa fimbo, hata kwa kidole, samaki ni wake. Na mwenye samaki ndiye anayegawa. Mzee Juma aliniambia kwamba siku moja boti iliyumba, naye kwa woga akaishika fimbo ya Baba isianguke majini. Baba aliiachia palepale. Walipofika nyumbani, samaki akawekwa mbele ya Juma kwenye sinia, na Juma, dereva, akatakiwa kuwagawia Baba na wanawe na wageni waliokaa majlisini, sebule ya wanaume. Juma akamkatia Baba mkia. Baba akacheka mpaka machozi, akaula mkia wote, na tangu siku hiyo akajifunza kwa Juma neno la Kiswahili alilolipenda kuliko maneno yote.

"Usiguse."

Alilitumia kwa kila kitu. Ukimletea viatu: usiguse. Ukitaka kumfungulia mlango: usiguse. Hakulisema kwa ukali. Alilisema jinsi mtu anavyosema jina la mtoto wake.

Juma alipoondoka, Baba akawa ananiita Juma. Nilidhani amesahau, na usiku kitandani nikajiuliza kama nimsahihishe au nisimsahihishe, na kama kumsahihisha ni utovu wa adabu au kutomsahihisha ni uongo. Hakuwa amesahau. Hakutaka tu dereva mwingine. Ilichukua muda mrefu kabla hajaniita Simiyu, na siku aliponiita hivyo nilikuwa nimefunga breki ghafla akamwaga kahawa. Kwa hiyo jina langu kwa mara ya kwanza lilikuja na kahawa kwenye kanzu. Nililipokea hivyohivyo.

Sasa niwaambie kuhusu mkono.

Kiharusi kilimpata Baba taratibu, kama mtu anayeingia nyumba asiyotaka kuamsha wenyewe. Alianguka bafuni, akalazwa, akatoka. Uso uliteleza kidogo upande mmoja. Alitembea, alizungumza, lakini mkono wa kulia haukurudi wote. Vidole vilifunga, ila havikukaza. Kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mpini, kilimtoka mbele ya wageni, na wageni wakatazama zulia.

Ijumaa ya kwanza aliyorudi baharini alinasa changu mdogo, wa kawaida kabisa, na fimbo ikamponyoka. Alijaribu kuidaka akapoteza mizani, na Nasser, mwanawe mkubwa, akamdaka kanzu akiwa ameshainama kupita ukingo. Fimbo tuliipata ikielea, kwa kuwa Baba alipenda zile zenye kishikio cha gome jepesi. Tulirudi gatini. Kisha, ndani ya gari, mimi nikiwa usukani nikijifanya sina masikio, Nasser alimwambia baba yake kwamba basi, bahari imetosha.

Msimlaumu Nasser. Nilimlaumu mimi, kwa muda, na ilikuwa dhuluma. Alikuwa mtoto aliyemwona baba yake akienda majini kichwa chini.

Tulipokaribia nyumbani Baba alijibu kwamba atakayemkataza bahari ni mkono wake wenyewe, si mwanawe. Wakakubaliana hivi: angepewa muda wa kujiandaa, kisha waende wote. Akimtoa nguru mmoja mwenyewe bila mtu kugusa fimbo, aendelee. Fimbo ikiguswa, boti iuzwe, na jambo hilo lisitajwe tena.

Niliwasikia, na usiku ule sikulala. Mnanielewa sasa nilivyo.

Kulikuwa na duka la vifaa vya uvuvi Al Mansoura, kwenye mtaa wenye vinyozi na watuma pesa, na muuzaji wake alikuwa Mhindi mpole aliyezoea kuniona nikinunua mishipi ya Baba. Nilimweleza kuhusu mkono wa mtu ambaye vidole vyake vinafunga bila kukaza. Nilieleza mno, nikarudia, nikatoa mfano wa chupa. Alikwenda nyuma akaleta kitu kilichokaa kwenye rafu mpaka boksi likafifia rangi: kipini kifupi cha plastiki ngumu kilichovikwa mpira, chenye pete mbili za kubana fimbo kwa skrubu. Unakifunga mbele ya rili, kinaning'inia chini ya fimbo kama kipini cha drili. Alisema kilibuniwa na watu wa nchi za baridi wanaovua samaki mmoja mkubwa wa ziwani, mkaidi, ambaye hutupiwa chambo kizito siku nzima hadi viganja vya wavuvi vinakufa ganzi. Kwa fimbo ya kawaida, kifundo cha mkono hupinda na vidole ndivyo hubeba uzito wote. Kwa kishikio kile kifundo kinanyooka, na mzigo unahamia kwenye mkono mzima hadi begani. Hapa Doha, alisema, hakuna aliyewahi kukitaka. Wanaume wa hapa hawapendi kuonekana wamechoka.

Nilikinunua. Kisha nikafanya makosa ambayo ni mtu mwenye kichwa kama changu tu anayeweza kuyafanya. Nilikifunga kwa kipimo kilichotoka hesabuni: urefu wa fimbo, uzito wa rili, pembe ya kurushia. Nikaenda kiwanjani nyuma ya nyumba, kwenye vumbi kati yetu na mashamba ya mboga, nikafunga mwisho wa mshipi kwenye jerikani ya maji na kuanza kuivuta, nikijikunja na kujikunjua, nikipima jasho langu. Okello, askari Mganda aliyelinda lango la jirani, alivuta kiti chake akaja kutazama.

"Ndugu," akasema, "samaki wa huku ni mbuzi. Ukimpata mmoja niite, chumvi iko."

Kwa mkono wangu kishikio kilikuwa kizuri sana. Nilipompa Baba, kiligeuka kama ufunguo kwenye kufuli lisilo lake. Mkono wangu ulikuwa mzima. Nilikuwa nimetengeneza dawa nikaionja mimi niliye na afya.

Kwa hiyo tuanze na hili, vijana, maana huenda mtalihitaji mbali kabisa na bahari. Kifaa cha mtu dhaifu hakifungwi ukiwa mezani. Kifungwe akiwa amekishika. Nilimketisha Baba ukumbini, fimbo mapajani pake, rili na chambo vikiwa vimewekwa kama siku ya kazi. Nikailaza fimbo juu ya kidole changu nikitafuta pale inapotulia bila kuinamia upande, kisha nikamwambia afumbe macho na kunyoosha mkono mahali mkono wenyewe unapotaka kwenda. Haukwenda nilipokuwa nimepima. Ulikwenda nyuma kidogo, na ukalala ubavu, gumba likitazama juu. Hapo ndipo nilipofunga. Chini ya pete niliviringisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu plastiki ikilowa huteleza hata ukaze vipi, na ukikaza kupita kiasi fimbo za siku hizi hupasuka bila sauti, ukajua tu siku samaki mkubwa amenasa. Kipini chenyewe nilikinenepesha kwa mpira huohuo mpaka vidole vya Baba vilipokizunguka bila kulazimika kukutana. Kitu chembamba kinadai nguvu. Kitu kinene kinasamehe.

Baba alifumbua macho akatazama kile kitu cheusi kilichoning'inia kwenye fimbo yake nzuri. Akasema kinafanana na kiwele cha ngamia. Kisha akatupa chambo humohumo ukumbini, kikapiga pazia.

Tulifanya mazoezi kiwanjani asubuhi na mapema, kabla jua halijakuwa kali. Jerikani nilianza kuijaza maji kidogo, nikiongeza kadiri mkono ulivyokubali. Mimi nilisimama nusu hatua nyuma yake, mikono yangu ikiwa imenyooshwa kwenye hewa, mmoja kila upande wake, kama mtu anayebeba pipa lisiloonekana. Akiyumba, nilimfuata bila kumgusa. Hiyo nayo ina ufundi wake. Usitazame uso, atajua unamwogopea. Tazama visigino. Mtu anaanza kuanguka visiginoni kabla yeye mwenyewe hajajua. Okello aliacha kucheka baada ya siku kadhaa. Akawa anakuja kubeba jerikani.

Nilimpigia Mzee Juma Likoni kumweleza. Akaniuliza kama Baba bado anasema lile neno. Nikamwambia kila siku. "Basi yungali hai," akasema. "Siku akiacha kulisema, hapo ndipo ufikiri, profesa."

Ijumaa yenyewe bahari ilikuwa shwari, majengo marefu ya Doha yakionekana nyuma yetu kwenye ukungu kama meno ya kitana. Kwenye boti tulikuwa Baba, Nasser, mimi, na nahodha ambaye aliikazia macho dira yake muda wote kwa heshima. Baba alitupa, akavuta, akatupa, akavuta. Kishikio kilifanya kazi. Nawaambia ukweli, kilifanya kazi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Kifundo kilinyooka, bega likabeba, na Baba alitupa chambo kwa muda ambao hata Nasser mwenyewe angekuwa amekaa chini. Nilimwona Nasser akikitazama kile kiwele cha ngamia, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea.

Nguru alinasa. Rili ikalia. Baba alisimama vile nilivyokuwa nimemwona akisimama miaka ya mwanzo, magoti yakiwa yamelegea na kidevu juu, akamwachia samaki mshipi akimbie, akaurudisha, akamwachia tena. Mimi nilikuwa nyuma yake, nusu hatua, mikono hewani. Nasser alikuwa upande mwingine, naye mikono hewani. Sijui alijifunza wapi. Samaki alikuja karibu hadi tukauona ubavu wake wa fedha ukigeuka chini ya maji.

Na mkono ukafunguka. Haukuchoka, hilo ningeliona. Vidole viliachana na kipini polepole, kimoja baada ya kingine, huku Baba akiendelea kuvuta kwa bega kana kwamba bado ameshika. Hakuwa anahisi. Kishikio kilikuwa kimebaki kwenye panda ya gumba peke yake. Kisha akatazama chini akaona. Aliutazama mkono ule jinsi unavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti chako.

Nasser alisogea. "Usiguse," Baba akamwambia mwanawe, kwa Kiswahili, na Nasser akaelewa, kwa kuwa alilisikia neno hilo utoto wake wote.

Fimbo ilianza kuteleza. Hakuna kifaa nilichokuwa nacho kwa hilo. Unaweza kuuondolea mkono uchovu, lakini huwezi kuukumbusha kwamba upo.

Baba akageuza kichwa kwangu.

"Shika," akasema.

Nikashika.

Nguru tulimpandisha, mkubwa, mzuri, na hakuna aliyeshangilia. Nasser, Mungu ambariki, alimwambia baba yake kwamba kazi yote aliifanya yeye, dereva alisaidia mwisho tu, nani ataihesabu hiyo? Hapakuwa na mtu mwingine baharini. Tungeweza kukubaliana sote pale, na kusema kweli nilitaka tukubaliane. Baba alikuwa ameketi, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoazimwa. Akasema samaki ni wa Simiyu, na Simiyu atagawa.

Njia yote ya kurudi niliendesha nikifikiria ugawaji ule kuliko nilivyowahi kufikiria kitu chochote maishani. Nimpe kichwa, ambacho ni heshima? Itakuwa namhurumia. Nimpe nyama ya tumbo, laini, asihangaike kuitafuna upande ule ulioteleza? Hiyo ni huruma zaidi. Majlisini walikuwa wameketi ndugu zake na wageni, na sinia ikawekwa mbele yangu.

Nikakata mkia nikauweka mbele ya Baba.

Nasser alinitazama kama mtu aliyeona kibao kikipigwa. Baba aliutazama mkia. Kisha akacheka, kwa upande mmoja wa uso, upande uliobaki, mpaka machozi yakamtoka. Akaula wote, kwa kijiko nilichokuwa nimekinenepesha mpini kwa mpira wa baiskeli.

Boti iliuzwa. Haikutajwa tena, kama walivyokubaliana.

Kishikio nilikifungua kutoka kwenye fimbo nikakifunga kwenye gari, kwenye ule ufito wa kushikia ulio kando ya mlango wa mbele, kwa sababu gari lile lilikuwa refu na ufito wenyewe ulikuwa mwembamba mno kwa mkono wake. Nilikifunga akiwa amekishika. Kila asubuhi aliniambia nimpeleke Kornishi, barabara ile ya ufukweni, akae garini atazame watu wakivua kwa mishipi ya mkono kando ya ukuta, Wabengali na Wafilipino kwenye siku zao za mapumziko, akiwakosoa kimoyomoyo. Kuingia garini kulimchukua muda. Alishika kile kipini, akakusanya nguvu, akainuka, akarudi chini, akainuka. Nyuma yetu magari yalipiga honi. Mimi nilisimama nusu hatua, mikono hewani. Nikisogea hata kidogo: usiguse.

Hivyo ndivyo tulivyoishi baada ya bahari. Sikuwahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo, na mtu akinitazama kwa mbali angesema dereva yule amesimama tu.

Kisha kukawa na asubuhi moja ya joto. Alishika kipini, akakusanya nguvu, na hakuinuka. Akajaribu tena. Nilitazama visigino vyake na visigino havikuwa na habari yoyote. Akauachia ule mkono ushuke. Hakunitazama. Alitazama mbele, kwenye kioo, ambako hapakuwa na kitu ila mwanga.

"Juma," akasema. "Shika."

Sikumsahihisha.

"Nimeshika, Baba," nikasema. Nikampitishia mikono kwapani, nikambeba, nikamkalisha, na tulipofika taa za barabara sikukata kwenda Kornishi. Nilikata kwenda hospitali. Hakuuliza kwa nini. Hakurudi nyumbani.

Walimzika kabla ya jua kuchwa, kama desturi yao ilivyo, na mimi niliwaendesha wanawe kurudi. Nasser aliketi mbele, mahali pa baba yake. Njia nzima mkono wake ulikuwa umeshika kile kipini, na gari lilikuwa linakwenda sawa kabisa, hakuna aliyehitaji kushika kitu.

Nilikaa nyumba ile miaka kadhaa zaidi, kisha mgongo ukanishauri nirudi kwetu Webuye, nikarudi. Mzee Juma alinitangulia kwenda aliko Baba. Gari lilipouzwa Nasser aliniuliza kama nataka kishikio kile. Nilifikiria siku nyingi, mnanijua, na mwisho nikamwambia akiache mlangoni, huenda anayelinunua ana mzazi.

Siku hizi namtunza mama yangu. Anatembea vizuri, ila kuinuka kitini ni kazi. Akianza kujikusanya, mimi huwa nimeshafika, nusu hatua nyuma yake, mikono hewani, macho kwenye visigino. Hunikemea kwamba namvizia kama kuku wa Krismasi, na kwamba niende nikatafute kazi ya mtu aliyesoma.

Nasimama hapo, namngoja aniambie nishike.